Kuku Hafariki

Daftari la mtoto limetua mezani saa moja na nusu jioni, pembeni limelowa mchuzi, ndani lina vitenzi ishirini. Kila kitenzi kinadaiwa visawe vitatu, yaani maneno ya maana moja nacho. Ishirini mara tatu, sitini, vinatakiwa kesho asubuhi, na usaili wa kuingia kidato cha kwanza ni Jumamosi. Hayo ndiyo mambo ya kumkuta mtu mzima aliyetoka kuning'inia kwenye daladala kama nguo iliyoanikwa, mita ya umeme ya LUKU inalia ukutani, na maji yametoka ndoo mbili tu yakarudi kwao.

Lakini sina neno. Mimi Kiswahili nimezaliwa nacho, nadaiwa nacho, na mwenye nyumba hunisema nacho kwa ufasaha mkubwa kila mwisho wa mwezi. Vitenzi vitanishinda nini? Navuta kiti, nasafisha koo, nakaa mkao wa profesa.

Kitenzi cha kwanza: kufa. Sentensi: Kuku wa jirani alikufa jana.

"Kuku wa jirani alifariki dunia jana," anasema mtoto, bila hata kupepesa.

Namwambia kuku hafariki. Ananifungulia ukurasa: kufa, kufariki, kuaga dunia, kukata roho. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu, mimi ni nani? Namwuliza, kama kuku kafariki, matanga yako wapi? Nani katoa rambirambi? Anafikiri kidogo, anasema basi kuku aliaga dunia. Kuku aliaga! Alimuaga nani, jogoo? Alisimama mlangoni pa banda akasema jamani mimi natangulia?

Tunafika kwenye kukata roho, na hapo nalegeza, maana kuku roho anakata, tena tunamwona sikukuu zote. Nadhani tumemaliza. Kumbe bibi yuko chumbani anasikiliza. "Kuku wa jirani hakukata roho," anapaza sauti, "kafa kibudu, na msithubutu kumla!" Sasa mtoto anataka kuandika kufa kibudu kama kisawe cha kufa. Namweleza hicho si kisawe, hayo ni maelezo ya namna alivyokufa, yaani bila kuchinjwa. Bibi anasema nani kakwambia? Ninyi mmesoma wapi?

Mtoto naye kanogewa. Simu yangu imezima mkononi, ananiambia kwa upole wa msibani: "Baba, simu imetangulia mbele ya haki." Gari likifa njiani, limeaga dunia. Yeye mwenyewe anafariki njaa. Na aliyekufa moyo je? Kafariki moyo! Kufa moyo ni kukata tamaa, na humo hamna maiti wala roho. Saa mbili na robo. Kitenzi kimoja. Vimebaki kumi na tisa.

Nawaambia wanaotunga hizi orodha: neno halina kisawe likiwa peke yake kwenye mstari. Linacho likiwa ndani ya sentensi. Chukua sentensi, toa kitenzi, chomeka kingine, usome kwa sauti. Aliyetenda awe yuleyule, aliyetendwa yuleyule, wakati uleule. Sikio likikataa, acha. Kufariki ni kwa watu, kwa heshima yao. Kufa ni kwa wote, mpaka betri. Mtungaji anajua hivyo vizuri, ndiyo maana anakuwekea kuku.

Mtego wa pili ni kauli, yaani nani katenda na nani katendwa. Sentensi inasema: Mwanafunzi alifukuzwa. Mtoto anakumbuka fukuza na timua ni ndugu, anaandika: Mwanafunzi alitimua. Haya, sasa aliyefukuzwa ndiye anayefukuza, mwalimu mkuu yuko mbioni. Ilitakiwa alitimuliwa. Fukuza inatendwa kwa kupachika w, fukuzwa. Timua ina irabu mbili mwishoni, inadai liwa, timuliwa, kama chukua na chukuliwa. Hapo ndipo maksi hupotea, na wala si kwa kutojua maana.

Kuna na majirani wanaojifanya mapacha. Tazama na angalia, sawa. Tazama na ona, hapana: mtu anaweza kutazama foleni nzima asione daladala yake. Sikia na sikiliza ndiyo hivyohivyo, nyumba nzima inanisikia na hakuna anayenisikiliza. Kula na kufakamia vinapishana ukali; mwandikie mgeni kwamba alifakamia ugali wako uone kama atarudi. Kaa ni keti kama kuna kiti, ni ishi kama kuna kodi. Panda ni kwea kama ni mti, ni sia kama ni mbegu. Piga sitaki hata kuigusa. Piga pasi, piga simu, piga kura, piga chafya, halafu mtoto kakariri piga ni tandika. Baba alitandika kitanda, yeye kaandika baba alipiga kitanda. Kitanda kimekosa nini?

Uliza, hoji, saili. Anakwenda kwenye usaili Jumamosi na saili haijui. Fomu ya usaili imelipiwa!

Kukariri ndiko kunakotumaliza. Wanaimba orodha kama wimbo wa mchakamchaka: danganya, laghai, hadaa, ghilibu. Mwanzishie danganya, atakwenda mpaka mwisho bila kupumua. Mwanzishie ghilibu, anakutazama kama umemtukana. Dawa yake ni vikaratasi. Daftari moja kuukuu, kata vipande vya ukubwa wa tiketi ya basi, upande mmoja kitenzi, upande wa pili kisawe na sentensi moja fupi. Vitano kwa usiku, si ishirini. Vichanganye kama karata. Leo anza upande wa kitenzi, kesho anza upande wa kisawe. Alichokosa kirudi kesho yake. Alichopata kirudi baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Sasa niambie, wiki ninaitoa wapi, na leo ni Jumatano?

Kamusi nayo ina adabu zake. Mtoto anatafuta alilimatia kwenye A, hakuna. Anatafuta kulimatia kwenye K, hakuna. Anatangaza kamusi ni mbovu. Vua a, vua li, vua ku, bakiza shina, nenda L: limatia, yaani chelewa, kawia. Kisha tazama mabano. Ukiona [ele], kitenzi kinataka cha kutenda juu yake. Ukiona [sie], hakitaki. Angusha kina mzigo, anguka hakina. Visawe viwili visipokubaliana kwenye mabano hayo, kimoja ni tapeli. Maandishi yenyewe sasa ni madogo kama sisimizi, na mwanga wa taa yetu mnaujua.

Na hata akijua vyote, kuna kusiliba, yaani kupaka penseli kiduara cha jibu kwenye karatasi ya mtihani. Jibu ni C, kile kiduara kijazwe chote, kisivuke mpaka, na ukibadili mawazo ufute mpaka kisafike, la sivyo mashine inaona majibu mawili na inakunyima yote. Kwa penseli ya HB. Na penseli zenyewe ndizo hizi! Unachonga, ncha inakatika. Unachonga tena, ncha inatoka nzima kama jino la utoto. Ikianguka sakafuni mara moja tu, risasi ya ndani imeshavunjika vipande vipande na nje huoni kitu, utachonga mpaka kwenye kifutio. Kichongeo nacho wembe wake butu, kinatafuna mbao badala ya kuikata. Ukichukua wembe wa kunyolea, damu. Penseli ya zamani ilikuwa unachonga Januari unaiona mpaka Juni. Nimechonga tatu hapa, nimepata moja, tena fupi, haishikiki, inataka kuvishwa kifuniko cha peni.

Mama mtu kachungulia kutoka jikoni, anasema nimechonga sana, ugali unapoa. Sijui anasema penseli au mdomo.