Kura 36 za Barry Bonds: waandishi wamebebeshwa zaidi ya sehemu yao

Kila Januari, Ukumbi wa Umashuhuri wa besiboli ulioko Cooperstown, New York, unaowaenzi wachezaji bora, ukitangaza matokeo ya kura za kuwaingiza wapya, mashabiki wa Marekani huwageukia waandishi wa michezo, ambao ndio wapiga kura, kwa lawama zilezile. Kwamba ni wanafiki, kwamba wana visasi, na wapo wanaosema wazi kwamba ni wabaguzi wa rangi. Kielelezo hakibadiliki: Barry Bonds, mwenye homurani 762 (mipigo inayovusha mpira nje ya uwanja), nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi kuu ya Marekani, hajaingia kwa sababu ya tuhuma za dawa za kusisimua misuli. Lawama hizi si za bure. Ila nyingi zinabisha mlango usio wake.

Mpiga kura ni mwandishi aliyekuwa mwanachama wa chama cha waandishi wa besiboli, BBWAA, kwa miaka 10. Anaweza kuchagua wachezaji wasiozidi 10, au asichague yeyote. Mchezaji huingia kwa asilimia 75, na akikosa kwa miaka 10 jina lake linaondolewa. Mwaka 2022, wa mwisho kwa Bonds, zilipigwa kura 394, hivyo zilihitajika 296. Mchezaji mwingine, David Ortiz, alipata 307 katika mwaka wake wa kwanza. Bonds alipata 260, pungufu ya 36, na mrushaji Roger Clemens 257.

Tarakimu hizi mbili za mwisho hazisomwi inavyostahili. Bonds ni Mweusi, Clemens ni Mzungu. Bonds alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mara 7. Clemens alitwaa tuzo ya mrushaji bora mara 7. Hakuna kati yao aliyewahi kufungiwa na ligi kwa ajili ya dawa. Wote walifikishwa mahakamani: Clemens aliachiwa huru mwaka 2012, na hukumu ya Bonds ya mwaka 2011 ya kuzuia haki isitendeke ilifutwa na mahakama ya rufaa mwaka 2015. Walipoanza kupigiwa kura mwaka 2013, kati ya kura 569 Clemens alikuwa na 214 na Bonds 206. Baada ya miaka 10 ya mabishano, Mzungu aliyetangulia kwa kura 8 akamaliza nyuma kwa kura 3. Walipanda pamoja, wakakwama pamoja. Kama rangi ndiyo iliyomnyima Bonds zile kura 36 zilizopungua, basi pengo lilipaswa kuonekana hapa, maana ni nadra sana kupata watu wawili wanaofanana hivi kwa sifa na kwa tuhuma. Halikuonekana.

Linaloumiza zaidi ni suala la Ortiz, na hapa wakosoaji wana hoja. Mwaka 2009 gazeti la New York Times liliripoti kwamba jina lake limo kwenye orodha ya waliokutwa na dawa katika upimaji wa mwaka 2003, upimaji ulioahidiwa kuwa wa siri na usio na adhabu. Watetezi wake husema, na ni kweli, kwamba mwaka 2016 kamishna wa ligi, Rob Manfred, alieleza kuwa baadhi ya matokeo yale yalikuwa na utata, na kwamba tangu adhabu zianze mwaka 2004 Ortiz hakuwahi kukutwa na kosa. Lakini Ortiz alikuwa mcheshi kwa waandishi, na Bonds alikuwa mkavu. Asiyekiri kwamba tabasamu lilikuwa na kura zake anajidanganya. Tukumbuke tu kwamba Ortiz ni Mweusi pia, wa Jamhuri ya Dominika, kwa hiyo hoja ya chuki ya kibinafsi isichanganywe na hoja ya rangi.

Rangi ina historia yake, nayo iko kwenye kadi ya uanachama. Kadi hiyo ndiyo ilimfungulia mwandishi eneo la wanahabari uwanjani, na ilitolewa kwa watu wa magazeti ya kila siku. Magazeti ya Weusi mengi yalikuwa ya kila wiki. Wendell Smith wa Pittsburgh Courier, aliyesafiri na Jackie Robinson, aliyewafungulia Weusi mlango wa ligi kuu, katika msimu wa 1947, alikuwa nje ya mlango huo. Mwandishi Mweusi wa kwanza kupata kadi, Sam Lacy, aliipata mwaka 1948. Tuzo kubwa ya chama ilibeba jina la J. G. Taylor Spink, ambaye jarida lake, The Sporting News, lilipinga mwaka 1942 Weusi kuingia ligi kuu. Jina likaondolewa mwaka 2021. Na kwa kuwa kura inakuja baada ya miaka 10 ya kadi, sura ya wapiga kura wa leo iliamuliwa na mhariri aliyeajiri muongo mmoja uliopita. Anayetaka kuhoji rangi aanzie kwenye dawati la michezo la gazeti lake.

Kuna doa jingine la waandishi. Agosti 1998, mchezaji Mark McGwire akiwa mbioni kufikisha homurani 70, Steve Wilstein wa shirika la habari la AP aliona chupa ya androstenedione, dawa ya kujenga misuli, kwenye kabati la McGwire. Ilikuwa halali kwenye besiboli wakati huo, ingawa michezo ya Olimpiki ilishaipiga marufuku. Wilstein akaandika. Baadhi ya wenzake walimshambulia yeye, wakisema kachungulia kabati la mtu. Wale waliosherehekea mwaka ule wana kazi ngumu kujifanya mahakimu.

Hata hivyo, nani aliwapa hukumu hiyo? Mchezaji Pete Rose alipofungiwa na ligi kwa kamari mwaka 1989, Ukumbi haukuwaachia waandishi. Mwaka 1991 uliweka kanuni: aliyefungiwa na ligi hapigiwi kura. Kwa dawa haukuandika chochote. Uliacha kifungu cha zamani cha uadilifu na tabia, kisha mwaka 2017 makamu mwenyekiti wake, Joe Morgan, akawaandikia wapiga kura barua akiwasihi wasiwachague watumiaji wa dawa. Barua badala ya kanuni! Na Bud Selig, kamishna wa ligi katika enzi hiyo ya dawa, aliingizwa Ukumbini na kamati, si na waandishi, Desemba 2016. Mwezi uliofuata Bonds akaruka kutoka asilimia 44.3 hadi 53.8, kwa sababu waandishi kadhaa waliona haiwezekani kumpamba msimamizi na kumtupa mchezaji.

Mwezi uleule wa Desemba, wanachama wa BBWAA waliamua kwa kura 80 dhidi ya 9 kwamba kila karatasi ya kura iwekwe hadharani. Ukumbi ukakataa.

Sasa Bonds na Clemens wako mikononi mwa kamati ya watu 16, wakiwemo wachezaji waliokwisha kuingia Ukumbini na viongozi wa timu, watu ambao mashabiki huwaamini kuliko waandishi. Mwaka 2022 Bonds na Clemens kila mmoja alipata kura chini ya 4. Desemba 2025 walipata chini ya 5, na kwa kanuni mpya hawatarudi mezani kabla ya 2031. Wakipata tena chini ya 5, ndio mwisho wao. Jinsi kila mjumbe alivyopiga kura haitangazwi.