Shimo la Mwembe na Wakwe Zangu

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye hata hakuwepo, ameshaitangazia Ujiji nzima kwamba nimetumbukia chooni hadi shingoni mbele ya wakwe zangu, naomba mnisikilize na mimi. Hakikuwa choo. Lilikuwa shimo la kupandia mwembe wa kivuli, tena lililochimbwa kitaalamu, na ndiyo maana habari ya shingoni haiwezekani kabisa.

Shimo la mche halichimbwi kama kisima. Kina chake ni urefu wa kiriba tu, yaani kile kimfuko cha udongo kinachobeba mche, ili mti usididimie na shina likaozea udongoni, ila upana wake unapaswa kuwa mara mbili au tatu ya kiriba, ili mizizi michanga ipate udongo uliolegea wa kupenya pembeni. Kijana aliyekuja kunichimbia alitaka kufika kiunoni, nikamkatalia. Langu, kwa hiyo, lilikuwa kama karai kubwa, na mtu mzima hazami ndani ya karai, anakaa tu. (Mlioanza kucheka, subirini, bado hatujafika.)

Nililiweka magharibi mwa nyumba, mita 8 kutoka ukutani, kwa sababu jua la alasiri ndilo linalotuchoma sebuleni, na mwembe ukikomaa hutanda. Upande huo ndio wenye geti. Asubuhi ile nilikuwa nimelijaza maji ili nione kama yanashuka, maana yakituama hadi kesho yake, mizizi itakosa hewa. Yalikuwa yameshuka nusu, yakaacha tope zito jekundu, na ukingoni palikuwa na fungu la samadi ya mbuzi ya kutandaza juu.

Wakwe wakaingia kutoka Kasulu: mama mkwe na dumu lake la mawese, baba mkwe na kanzu nyeupe. Baada ya shikamoo na marahaba nikawatangulia, na kwa kuwa adabu haikuniruhusu kuwapa mgongo, nikaenda kinyumenyume, nimeinama kidogo, mkono wa kulia ukionyesha njia, huku nikisema kwa unyenyekevu, "Baba, mama, piteni huku, kuna shimo." Kwenye "kuna," kisigino kilikosa ardhi. Kwenye "shimo," nilikuwa nimeshaanza kukaa. Nakumbuka uso wa mama mkwe ukipanda juu taratibu, ingawa aliyekuwa akishuka ni mimi. Kisha pwaa! Tope likayapokea makalio yangu yote, magoti yakabaki yananing'inia ukingoni, ndara moja ikaruka hadi miguuni pa baba mkwe, na ile samadi ikaanza kuporomokea mapajani mwangu, punje baada ya punje, bila haraka yoyote. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonimaliza.

Mnajua kwamba ni hapa hapa Ujiji Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe kama inavyosimuliwa, na miembe inayosemekana ni uzao wa ule wa zamani ipo pale makumbusho hadi leo. Wageni wamepokelewa chini ya miembe yetu kwa zaidi ya karne, na siku zote mwenyeji alikuwa wima.

Baba mkwe alinitazama kwa muda, akautazama mche uliosimama kando ndani ya kiriba chake, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, sasa anayepandwa ni nani?"

Nikaoga, tukala samaki wa migebuka kimyakimya. Kesho yake maji yalikuwa yameshuka yote, na baba mkwe mwenyewe ndiye aliyekichana kiriba, akainyoosha mizizi iliyojiviringisha, akahakikisha shingo ya mche iko sawa na ardhi, akatandaza samadi bila kuigusisha kwenye shina. Halafu akachomeka vijiti kuuzunguka mwembe na kufunga kamba. Mke wangu alipomshukuru kwa kuukinga na mbuzi, akajibu kwamba mbuzi wana macho.