Maharage Yangu Yalisubiri Hotuba

Hivi siku hizi mtu akitaka wali maharage lazima kwanza ahudhurie semina? Nauliza tu. Nimerudi ofisini saa nane na robo. Bosi kaniangalia, kaangalia saa ya ukutani, kaniangalia tena, na mimi nimekaa kitini na kipande cha kiazi kimenasa kwenye jino bovu. Ningejitetea vipi? Nimwambie nimechelewa kwa sababu Bi Mkubwa alikwenda harusini Shinyanga?

Bi Mkubwa ndiye mwenye mgahawa wetu hapa Buguruni. Simsemi vibaya. Maharage yake yanaungwa kwa tui zito, wali wake hauna mawe, na daftari lake la madeni limewastiri watu ambao hata ndugu zao hawapokei simu zao. Tatizo lake ni moja: kila anachokionja huko aendako, sisi wateja wa kudumu lazima tukijue, tukijue leo, na tukijue kabla hajapakua.

Zamani tulivumilia maana alikuwa hasafiri. Alivuka bahari mara moja kwenda Zanzibar, akarudi na habari za urojo wa Forodhani, ikawa ukiagiza supu ya makongoro unaulizwa kama unataka bajia na kachori humo humo. Mwanawe akamletea senene kutoka Bukoba, tukapewa mmoja mmoja mdomoni kama komunyo. Ming'oko ya Mtwara, ile mizizi ya porini inayochemshwa, ilipita kwa amani. Lakini tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, huyu mama hashikiki. Anashuka Dodoma, anadaka basi, na mwisho wa wiki sisi ndio tunaolipia kwa muda wetu.

Leo nimefika saa saba na dakika zake, njaa inauma, kwani asubuhi nilikunywa chai kavu kwa sababu zinazoeleweka. Kanipakulia wali. Kazamisha upawa kwenye sufuria, kauinua umejaa maharage hadi pomoni, halafu akakumbuka.

"Mwanangu, wewe unaijua michembe?"

Mimi ni mtu mzima. Nina kitambulisho cha taifa, nina familia, nina madeni yenye mpangilio. Nikajibu kwa heshima zote: "Shikamoo Bi Mkubwa. Naijua." Nilidhani kukubali kutafupisha mambo.

"Marahaba. Huijui. Nyie wa mjini mnadhani michembe na matobolwa ni kitu kimoja."

Upawa ukabaki hewani, katikati ya sufuria na sahani yangu. Maelezo yakaanza. Kiazi kitamu cha michembe kinamenywa kibichi, kinakatwa vipande vyembamba, kinaanikwa juani. Hapo upawa ukaenda kulia kuonyesha jua lilipo. Cha matobolwa kinachemshwa kwanza, ndipo kinakatwa, ndipo kinaanikwa. Upawa ukaenda kushoto, na maharage mawili yakadondoka mezani. Niliyaona. Yalikuwa yangu yale.

"Hapo umeelewa tofauti?"

"Nimeelewa, mama."

"Haya nieleze."

Nikaeleza! Mtu mwenye watoto wa sekondari, nimesimama na sahani ya wali mkavu, naeleza habari za kuanika viazi, na nyuma yangu bodaboda anapiga miluzi ya hasira. Nilipomaliza, akanisifu. Nikasogeza sahani. Upawa ukashuka, ukashuka, ukakaribia kabisa, na ndipo yule mwalimu mstaafu wa meza ya kona, ambaye alikwisha kula zamani na hana pa kwenda, akauliza swali: "Na vinakaa muda gani bila kuharibika?"

Mwalimu! Wewe umeshiba!

Upawa ukarudi juu. Tukaambiwa kwamba vinakaa miezi na miezi, kwamba Wasukuma ndivyo wanavyovuka kiangazi, kwamba michembe ikichemshwa ikachanganywa na karanga za kutwanga hutakumbuka andazi tena maishani, na kwamba mama mkwe wa bwana harusi alimpakulia na maziwa ya mgando pembeni, wacha kabisa. Mchuzi ulikuwa umeanza kuganda kwenye ukingo wa upawa. Wakala wa pesa akaondoka bila kula. Bodaboda akapigiwa simu na abiria wake, akasema "nipo njiani nakuja," kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa.

Kisha ikaja sehemu ya kuonja. Akatoa matobolwa kwenye mkoba wake binafsi, rangi ya ubao wa zamani, na ugumu wake pia si haba. "Usimeze, tafuna taratibu, utamu unakuja wenyewe." Nikatafuna. Nisiwe mchoyo wa haki: utamu ulikuja. Ulikuja taratibu, kama alivyosema, wakati saa nane nayo inakuja mbio. Akatoa simu, akaniambia nitoe neno moja kwa ajili ya lile kundi la wateja ambalo mimi sikumbuki kujiunga. Nikasema, mdomo umejaa, "Ni tamu." Akasema nirudie kwa uchangamfu.

Hatimaye maharage yakatua. Na hapo hapo, wakati anafuta mikono, bila kuniangalia, bila upawa, bila kushoto wala kulia, akasema kwa sauti ya kuombea marehemu: "Na sahani sasa ni elfu mbili na mia tano."

Jamani! Viazi vya watu wa Shinyanga tumevisoma kwa vitendo na maswali, lakini habari inayonihusu mimi, mfuko wangu, maisha yangu, imesomwa kwa sekunde tatu na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza! Nikamgeukia mwalimu. Mwalimu, swali! Mwalimu anachokonoa meno.

Nilikuwa na elfu tatu. Elfu mbili ya chakula, elfu moja ya kurudi nyumbani. Nikampa zote, nikasubiri mia tano yangu. "Chenji sina mwanangu," akasema, akanifungia matobolwa ya mia tano kwenye gazeti. Nauli sina tena. Konda hapokei viazi.

Na hili la chenji litatuua. Dukani kwa jirani ukidai mia unapewa pipi, ukidai mia mbili unapewa pipi mbili, ukilalamika unaambiwa chukua kiberiti. Nimejaribu kumrudishia pipi zake ninunulie chumvi, akaniuliza kama ninaumwa. Sasa nyumbani nina viberiti vya kuchoma mtaa mzima, na jiko langu ni la gesi, linawashwa kwa kitufe. Gesi yenyewe imeisha juzi, tena ule mtungi mdogo ambao muuzaji aliapa kwamba ni mzito, akanibebesha mwenyewe niuhisi, na mimi nikauhisi, kwa sababu hata mtungi mtupu ni chuma, utaacha kuwa mzito? Mizani anayo. Anapimia sukari.