MAC ya nani? Vifupisho vinapogongana mtandaoni

Fundi wa mtandao akikuomba MAC ya kifaa, anataka ile namba ya herufi na tarakimu 12 iliyobandikwa chini ya ruta. Mtaalamu wa usimbaji fiche akitaja MAC, anazungumzia alama inayosafiri na ujumbe kuthibitisha kwamba haujachezewa njiani. Wote wako sahihi, na mara nyingi wako ofisi moja.

Wapo wanaosema tatizo hili linakuzwa bure, muktadha unatosha. Wana hoja. Miaka ya 1990 ATM ilikuwa pia teknolojia ya kusafirisha data katika vipande vya baiti 53, na hakuna aliyeitafuta kwenye foleni ya benki. CCM, ambayo Mtanzania hahitaji kuelezwa, ni pia mbinu ya usimbaji fiche inayolinda Wi-Fi inayotumia WPA2, kiwango cha usalama wa Wi-Fi. Hapo hapotei mtu.

Muktadha hushindwa pale maana mbili zinapolala chumba kimoja. ABR kwenye OSPF, itifaki ya ruta kupangia njia za data, ni ruta iliyo mpakani mwa maeneo ya mtandao. Kwenye ATM ile ya data ni huduma inayotumia kasi iliyobaki. Kwa watu wa video ni kushusha au kupandisha ubora wa picha kadiri intaneti inavyoruhusu. Mpe mhandisi ripoti ya hitilafu saa nane usiku yenye “ABR ina shida”, uone.

Kubadilisha jina nako hakusaidii sana. Waandishi wa 802.11i, kiwango cha usalama wa Wi-Fi cha mwaka 2004, walikuwa tayari na MAC nyingine, ile ya mtandao, basi ile alama ya uthibitisho wakaiita MIC. Mgeni akiiona anafikiria maikrofoni.

Mimi naona afadhali RFC 7322 ya mwaka 2014, mwongozo wa kuandika RFC, yaani nyaraka za kiufundi za intaneti: kifupisho kifafanuliwe kinapotajwa mara ya kwanza. Wazoefu watanung'unika kwamba ni maneno ya ziada. Ni mstari mmoja tu. Kasoro yake ni kusamehe vifupisho vinavyojulikana sana, kama IP. Vinajulikana na nani? Kasha la kamera ya ulinzi huandikwa kwamba ni kamera ya IP, kisha pembeni IP67. Ya kwanza ni ya mtandao; ya pili ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Mteja akimuuliza muuzaji kama hiyo IP67 ndiyo anwani ya kuingiza kwenye simu, hajauliza swali la kijinga.