Punda Hayumo katika Injili ya Luka

Utotoni Krismasi ilikuja yenyewe. Hatukujiuliza nani amenunua mchele wa pilau, nani amekopa fedha za nguo mpya, wala kwa nini baba alizidi kuwa mkimya kadiri Desemba ilivyosonga mbele. Tulichojua ni kwamba siku ikifika kutakuwa na soda, na kwamba kila mtoto atapewa chupa yake mwenyewe bila kugawana na mdogo wake. Mtu anapokuwa mzima ndipo anapotambua kuwa sikukuu huletwa na watu waliochoka, wenye karatasi ya hesabu mfukoni, ambao wanapaswa kufikiria nauli za ndugu wanaotoka Dar es Salaam, mbuzi aliyepanda bei ghafla kana kwamba naye ametangaziwa sikukuu, na ada za shule za Januari ambazo hazijawahi kusamehewa kwa sababu Mwokozi amezaliwa.

Mimi ni mhasibu, na mtu akishajulikana kuwa mhasibu kanisa halimwachi apumzike. Hivyo ndivyo nilivyoingizwa katika kamati ya sikukuu ya usharika wetu ulioko upande wa Igombe, kupita uwanja wa ndege wa Mwanza, ambako kanisa limejengwa juu kwenye mawe nao waumini wengi wanaishi chini, karibu na mwalo wa wavuvi. Katika kikao cha kwanza mzee mmoja mwenye kusoma sana alitukumbusha kwamba Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu, na kwamba ushahidi wa zamani wa kuiadhimisha tarehe 25 Desemba unatoka Roma mwaka 336. Kijana mmoja akadakia kwamba Wakristo wa Ethiopia husherehekea tarehe 7 Januari, kwa hiyo hakuna dhambi tukisogeza sikukuu mbele kidogo tukanunua mbuzi baada ya bei kushuka. Kwa upande wangu niliona kuwa hiyo ndiyo hoja ya kiteolojia yenye manufaa kuliko zote nilizowahi kuzisikia kanisani. Mchungaji aliikataa bila kupiga kura.

Wazo la kuwa na igizo lenye wanyama hai lilitoka nyumbani kwangu. Mke wangu alilelewa Mkatoliki, na ingawa tunasali pamoja kwa Walutheri, hajawahi kuwaacha watakatifu wake huko alikotoka. Yeye ndiye aliyenisimulia jinsi Fransisko wa Asizi alivyotengeneza hori mwaka 1223 katika kijiji cha Greccio nchini Italia, akaweka nyasi pamoja na ng'ombe na punda halisi, ili watu wauone umaskini wa Bethlehemu kwa macho yao. Niliipeleka habari hiyo kwenye kamati nikitarajia upinzani, lakini wajumbe walimkubali Mtakatifu Fransisko kwa kauli moja baada ya kuthibitishiwa kuwa nyasi hazina gharama.

Nikarudi nyumbani kuisoma tena sura ya 2 ya Luka, safari hii kwa utulivu. Hakuna punda. Ng'ombe na punda wa kwenye picha zetu wametoka kwa nabii Isaya, sura ya 1 aya ya 3, wakahamia horini taratibu kama wapangaji wasio na mkataba. Hakuna pia yule mwenye nyumba ya wageni anayefungua mlango kwa hasira na kuwafukuza wazazi wa Yesu. Luka anasema tu kwamba hawakupata nafasi, basi. Hata mamajusi, kwa Mathayo, hawakuhesabiwa. Enzi za kipaimara ningeuliza maswali ya namna hii ningeondoka na alama za fimbo, na huenda ningeogopa kwamba nikimtoa punda mmoja imani yote itaanguka. Siku hizi naona kinyume chake: kadiri ninavyoondoa vitu ambavyo havikuandikwa, ndivyo ninavyopata mahali pa kukaa na watu wasiosali kama mimi, na wako wengi katika ukoo wetu.

Kwa moyo huo niliiomba kamati imwondoe mwenye gesti katika igizo, kwa kuwa kila mwaka tunamsingizia mtu ambaye hayupo. Nilijibiwa kwamba joho lake limeshashonwa. Zaidi ya hayo, fundi seremala aliyepewa nafasi hiyo alikuwa ameshaikariri sentensi yake ya pekee, "Hakuna nafasi, ondokeni!", na alikuwa akiifanyia mazoezi kazini mpaka wateja wakaanza kulalamika. Mimi nikapewa kuwa Yusufu, kwani vijana walikuwa wamesafiri kwenda vijijini kwao nayo kanzu iliyobaki ilinienea. Mariamu akawa mwalimu wa shule ya Jumapili, mwanamke mtulivu na mwenye mwili wa afya, ambaye tulimfunga mto wa kulalia tumboni kwa kanga mbili.

Punda tulimwazima kwa babu mmoja anayeuza maji kwa madumu. Jina la punda lilikuwa Mheshimiwa, na kwa muda wote niliokuwa naye sikuona sababu ya kulipinga. Babu mwenyewe hasali popote, ingawa hakuna msiba asiohudhuria, na alipotukabidhi kamba alituambia jambo moja tu: kwamba Mheshimiwa hahitaji kuongozwa, kazi yake anaijua. Tulilipokea kama sifa.

Mpango ulikuwa kwamba maandamano yaanzie mwaloni baada ya kiza kuingia, yapande polepole mpaka mlangoni pa kanisa, na hapo fundi seremala atufukuze. Mbele angetangulia kijana mwenye nyota, yaani taa ya sola ya kuvulia dagaa iliyofungwa kwenye mti mrefu, ambayo wavuvi walituazima kwa kuwa hawakuwa na mpango wa kuingia ziwani usiku huo. Nyuma yetu wangefuata mamajusi, kwaya ya malaika, kisha usharika.

Tulimpandisha mwalimu mgongoni. Nadhani katika hesabu za Mheshimiwa uzito ule ulikuwa na maana moja tu. Dumu moja la lita 20 lina kilo 20, na madumu matatu ni kilo 60. Nilipoanza kumweleza mwalimu hesabu hii baadaye alinikataza kuendelea nayo, lakini ndiyo inayoeleza yote. Punda aliyekuwa amesimama ufukweni jioni, akasikia mzigo umetua na kamba imelegea, alijua kwamba wateja wanasubiri.

Tulipofika njiapanda, nyota ilishika njia ya kulia ya kwenda kanisani, naye Mheshimiwa akashika ya kushoto. Nilivuta kamba. Alinitazama kwa upande, kwa heshima zote, kisha akaendelea kutembea nami nikifuata huku kanzu ikinikwaza. Yule kijana, alipogeuka na kuona kwamba Familia Takatifu haipo nyuma yake, alifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: alikimbia akatufuata na taa yake. Mamajusi walikuwa wamefundishwa kwa wiki nzima kwamba wasiiache nyota, basi hawakuiacha. Malaika wakawafuata mamajusi, na usharika, ambao miongoni mwao hakuna aliyejua njia iliyopangwa, ukafuata wote huku ukiimba.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa mama ntilie. Mheshimiwa alisimama mbele ya kibanda chake kwa muda unaotosha kuteremsha dumu moja, naye mama akatoka na dumu tupu mkononi, akamtazama Mariamu, akaniuliza kwa upole, "Baba, maji leo hamkuleta?" Sikuwa nimepewa maneno ya kujibu swali hilo. Kabla sijapata ya kwangu punda aliondoka, tukasimama kwa kinyozi, kisha kwenye nyumba moja ambayo mwenyewe alikuwa anaoga nyuma ya uzio wa mabati, akapaza sauti kwamba tumimine tu kwenye pipa, fedha atalipa Jumatatu. Mwalimu alikuwa ameshika tumbo lake la mto kwa mikono miwili, akinong'ona maneno ambayo kwa mbali yangeweza kudhaniwa kuwa ni sala.

Mteja wa mwisho wa Mheshimiwa alikuwa gesti.

Pale alisimama moja kwa moja, mbele ya mlango, chini ya taa nyekundu, na hakuna aliyeweza kumsogeza, maana kwa desturi yake kazi iliishia hapo. Kisha mvua ikatoka upande wa ziwa, kama inavyojua kutoka wakati wa vuli, bila kuomba ruhusa wala kutanguliza manyunyu. Nawaomba wasomaji waitazame hali hiyo kwa macho ya majirani: mhasibu wa usharika, usiku wa mkesha wa Krismasi, mlangoni pa gesti, akiwa na mwanamke mjamzito ambaye si mkewe, na mkewe mwenyewe akitazama kutoka nyuma akiwa amevaa mabawa ya malaika.

Mwenye gesti ni mama wa Kiislamu ambaye sote humwita Hajati. Alitoka na mwavuli, akaona mwanamke mwenye tumbo kubwa juu ya punda katika mvua ile, na hakuuliza habari za igizo. "Jamani, nyinyi ni watu gani?" alipaza sauti. "Mnamtesa mja mzito namna hii! Mwingizeni ndani!" Kijana wa mapokezi akamkumbusha kwamba vyumba vyote vimejaa wageni wa sikukuu. "Changu kipo," akasema Hajati, "toa vitu vyangu, tandika shuka safi, na wewe mwenye bodaboda nenda kamwite mkunga." Mtu mmoja akajibu kutoka gizani kwamba mkunga yupo hapa hapa, ni malaika wa tatu kutoka kushoto.

Nilijaribu kueleza, lakini kijana wa mapokezi, ambaye anaogopa ukaguzi wa polisi kuliko anavyoiogopa mvua, alikuwa ameshafungua daftari la wageni. Aliuliza jina, nikasema Yusufu, kwa kuwa kanzu ilinitawala. Atokako? Nazareti. Kazi? Seremala. Kabila? Nikasita, lakini mwalimu, akiwa bado juu ya punda, akasema kwa sauti ya darasani kwamba huyu ni wa mbari ya Daudi. Kijana aliandika yote bila kuinua kichwa, akauliza, "Na huyu mama ni mkeo?" Nikajibu kwa uaminifu wa Maandiko kwamba nimemposa. Kutoka kwenye kundi la malaika nilisikia mtu akikohoa, na kikohozi hicho nimeishi nacho kwa miaka mingi.

Ndipo wanaume wawili walipomshusha mwalimu, kanga zikafunguka kwa uzito wa maji, na mto ukaanguka katika tope mbele ya Hajati. Alipiga ukelele uliowaamsha wageni wa vyumba vyote. Kisha akauinamia, akautazama vizuri, akatutazama sisi, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta, nasi tukapata ruhusa ya kucheka pia. Mheshimiwa peke yake ndiye aliyebaki na uso wa kikazi. Baada ya kuona mzigo umeshuka, aligeuka akaenda zake nyumbani.

Hajati hakutufukuza. Alifungua ukumbi wake mdogo, akawasha jiko, akaagiza kahawa na tangawizi, kisha akaleta sahani ya tende, akaiweka mbele ya mwalimu kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisema kwamba kuna sura nzima katika Kurani, ya 19, yenye jina la Mariamu, na kwamba humo uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akaambiwa autikise ili zimwangukie tende mbivu, basi mtu anayeigiza Mariamu bila tende amefanya kazi nusu. Mwalimu alikula tatu, akakubali hoja. Kisha Hajati akanigeukia mimi, akanipima kuanzia kilemba mpaka viatu, akaniambia kwa huruma, "Wewe baba usinielewe vibaya, ila kwetu haumo." Nilimweleza kwamba kwetu punda naye hayumo, wala mwenye gesti, lakini wote wamenifikisha hapa. Mke wangu, aliyekuwa akikamua mabawa yake dirishani, alisema kwamba ni vyema Yusufu asiandikwe mahali popote mpaka atakapoeleza ile habari ya kuposa.

Mchungaji, aliyekuwa anatungoja kanisani na Biblia wazi, alifika akiwa na koti la mvua juu ya joho, akaelezwa, akakaa kimya kidogo, halafu akasema kwamba kwa kuwa kondoo wote wako hapa hana sababu ya kurudi mlimani. Akaanza kusoma Luka, naye kijana wa mapokezi akashusha sauti ya televisheni. Alipofika aya ya 7, kwenye maneno yanayosema kwamba hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, usharika mzima uligeuka ukatazama kaunta.

"Siyo hapa," akasema Hajati, bila kuacha kumimina kahawa.

Mchungaji alisema "Amina, mama," akaendelea na habari za wachunga kondoo. Alikuwa amefika kwa malaika, nao wameanza kusimama na mabawa yaliyolowa, mlango uliposukumwa akaingia fundi seremala, maji yakimchuruzika kutoka kwenye joho lake jipya. Alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa jioni yote na sentensi yake moja, na hakutokea mtu wa kumfukuza. Hajati alimuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye mwenye gesti," akajibu, akitetemeka.

"Basi karibu mwenzangu, pita huku nyuma ya kaunta," akasema Hajati. "Vikombe vimeisha, na hawa watu wako bado wanaongezeka. Mimi naosha, wewe futa."