Ganda la ugoro: .375 na ubishi usioisha

Mzee mmoja wa Manyoni, aliyefuata nyayo katika Pori la Akiba Rungwa kwa misimu zaidi ya ishirini, hutunza ugoro wake ndani ya ganda la risasi. Amelichongea kizibo cha mpingo, na kabla ya kulifungua huligonga mara mbili gotini, ugoro ushuke. Siku niliyomwomba nilishike, nilikuta maandishi ya kitakoni bado yanasomeka: 375 H&H MAGNUM, yakiizunguka fataki, kile kiwashio cha baruti, yenye kidonda katikati. Juu kidogo ya kitako kuna mkanda wa shaba uliolizunguka ganda, umeng'arishwa na mifuko ya suruali kuliko sehemu nyingine zote.

Nikamuuliza, "Babu, mbona hukuchukua la .458? Mdomo wake mpana, ugoro ungetoka kirahisi."

"Mdomo mpana unamwaga," akasema. "Hili lina shingo."

Risasi hiyo ina umri mkubwa kuliko yeye na baba yake pengine. Kampuni ya Holland & Holland ya London iliitoa mwaka 1912, mwaka uleule ambao reli ya Wajerumani, iliyokuwa imeingia Dodoma 1910, ilifika Tabora. Tangu hapo bunduki nyingi zimekuja na kuondoka. Lakini msimu wa uwindaji unapofunguliwa Julai, na magari yanapoanza kuiacha lami ya Manyoni kuelekea vitalu vya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ukichungulia ndani ya maboksi ya wageni, .375 haikosekani. Kambini wanaitaja kwa tarakimu za kipenyo chake kwa inchi tu, tatu-saba-tano, na kila mtu anajua kinachosemwa.

Wapo wanaosema inastahili heshima hiyo. Wapo wanaosema ni mazoea ya watu wanaopenda vitu vya kikoloni vyenye harufu ya ngozi na mafuta ya bunduki. Nimewasikiliza wote kwa muda, na naona kila upande una hoja moja nzito na tatu nyepesi.

Sehemu ya ubishi inatokana na lugha yetu yenyewe. Tukisema "risasi" tunamaanisha vitu vinne kwa pamoja: ganda, fataki, baruti na kile kichwa kinachoruka. Sifa za .375 kama .375 ni sifa za ganda. Kinachomfikia nyati ni kichwa.

Nianze na ganda, kwa kuwa lilitengenezwa kwa akili. Baruti ya Waingereza wakati ule, koditi, ilikuwa na umbo la tambi na tabia mbaya: ikipata joto, shinikizo lake hupanda. Risasi iliyofyatuka salama kwenye baridi ya Uingereza iliweza, kwenye jua la huku, kulivimbisha ganda mpaka likang'ang'ania ndani ya chemba, chumba cha risasi cha bunduki. Aliyewahi kuacha gari juani Itigi saa saba mchana mwezi Oktoba, akarudi kushika usukani, anajua joto gani linazungumziwa. Na mbele ya nyati aliyekwisha kupigwa mara moja, ganda lisilotoka ni sawa na bunduki isiyokuwepo.

Kwa hiyo Holland & Holland walitengeneza ganda refu, la milimita 72, lenye nafasi ya kutosha ndani ili shinikizo lisizidi, na linalopungua unene taratibu kutoka kitakoni hadi shingoni. Umbo hilo huteleza kuingia na huteleza kutoka. Bega lake, pale ganda linapoanza kubana kuelekea shingoni, lililala mno kiasi kwamba lisingeweza kulizuia ganda lisizame kupita kiasi kwenye chemba, ndipo wakalivika ule mkanda, uwe kizuizi. Koditi imekwisha kufa siku nyingi. Ulaini wa kuingia na kutoka umebaki, na wafuata nyayo ambao hawajawahi kusikia neno koditi wanausifu bila kujua ulikotoka.

Sasa tarakimu. Kichwa cha kawaida cha greni 300, yaani gramu 19.4, hutoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde, kikibeba karibu jouli 5,750. Bunduki ya .30-06, ambayo Wamarekani waliitoa 1906 na ambayo wengi wanaijua, hurusha gramu 11.7 kwa jouli kama 4,000. Ukipanda hadi .458 unakutana na gramu 32.4, mwendo wa polepole zaidi, na teke linalokumbukwa begani kesho yake. .375 imekaa katikati. Kwa kichwa chepesi kidogo, cha greni 270, husafiri karibu sawa na .30-06 ya greni 180, maana yake mtu anaweza kumlenga tandala ng'ambo ya mbuga asubuhi na kumfuata nyati vichakani jioni kwa bunduki ileile.

Wanaoipenda huishia hapo, kwenye kufaa kwa kila kazi. Mimi naona hiyo ni hoja nyepesi. Nzito aliitoa yule mzee. Kazi yake ilikuwa kubeba fimbo za kuegemeza bunduki, kuzisimamisha mbele ya mgeni, kisha kukaa pembeni. Kutoka pale anaona kitu ambacho mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni, macho yakiwa kwa mnyama, hakioni: uso wa anayefyatua. "Bunduki nzuri," aliniambia, "ni ile ambayo mgeni hafumbi macho." Amewaona wenye mitutu minene wakikunja uso kabla kidole hakijavuta, mdomo wa bunduki ukainama kama ng'ombe anayetaka kunywa maji, na risasi ikaenda tumboni. Halafu ni yeye anayetangulia kufuata damu.

Nishati ya .458 ikipiga tumbo ni hasara. .375 ikipiga bega ni nyama. Watu wengi wa kawaida, wenye mazoezi ya kawaida, huweza kuivumilia .375 bila kuiogopa, na ukipanda juu ya hapo idadi yao hupungua haraka.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Ukitaka kujua mtu anaamini nini, tazama anachobeba yeye mwenyewe. Mwindaji bingwa anayemwambia mgeni "leta .375 tu, inatosha" mara nyingi ana .458, au .470 ya mitutu miwili, begani kwake. Anayemwongoza mgeni ana wajibu wa kummaliza mnyama aliyejeruhiwa, na mnyama huyo hapatikani mbugani peupe. Anapatikana kwenye vichaka kama vile vya Itigi, ambako matawi yamesukana hivi kwamba unaweza kusikia pumzi ya nyati kabla hujauona mguu wake. Hapo mwendo wa risasi na mruko wake havina maana. Kinachotakiwa ni uzito wa kumsimamisha akiwa hatua nane tu. .375 inaua nyati. Kumsimamisha anayekuja ni jambo jingine, na wenye kazi hiyo wameshapiga kura kwa mabega yao.

Hapa mtu atamtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyeua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7. Kama alifanya hivyo, .375 si anasa? Bell alikuwa amepasua mafuvu ya tembo kujua ubongo ulipo, na aliwinda nyakati ambazo tembo walikuwa hawajajifunza kumwogopa mtu kwa mbali. Waliojaribu hivyo wakashindwa hawakuandika kumbukumbu.

Hoja nyingine ya wapinzani ni ya mkanda. Ganda la kisasa lenye bega la kusimama halihitaji mkanda, na wanaojaza maganda upya, huko kunakoruhusiwa, hulalamika kwamba la mkanda hutanuka vibaya na halidumu. Pia risasi nzima ina urefu wa zaidi ya sentimita tisa, kwa hiyo inadai bunduki ndefu, yenye bolti ndefu, ambayo bei yake huwa ndefu pia. Mwaka 2007 kampuni za Kimarekani za Hornady na Ruger zilitoa .375 Ruger: haina mkanda, inaingia kwenye bunduki ya urefu wa .30-06, na inarusha kichwa kilekile kwa kasi inayozidi kidogo. Kwa karatasi, kesi imekwisha.

Haijaisha, na sababu ni ya dukani zaidi kuliko ya kisayansi. Sanduku la risasi la mgeni likipotea kati ya Ulaya na Kilimanjaro, kambi ya porini inaweza kumwazima .375 H&H kutoka stoo. Ya Ruger ataitafuta. Kitu kinapatikana kwa sababu kinatumika, na kinatumika kwa sababu kinapatikana.

Na mzunguko huo una mpiga debe wake: kanuni. Hapa Tanzania kaliba ya chini kwa wanyama hatari ni .375. Kwa mgeni anayetaka bunduki moja tu, isiyopiga teke kuliko lazima, kiwango cha chini ndicho kinachokuwa chaguo. Hapo ndipo ninapopata shida na wanaosema umaarufu wake ni ushahidi wa ubora. Abiria wakijazana kwenye basi pekee lililoruhusiwa kuingia stendi, huwezi kusema wamelipenda.

Tazama risasi ya 9.3x62. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitoa 1905, na ilipata wanunuzi miongoni mwa walowezi wa makoloni ya Kijerumani, nchi hii ikiwa mojawapo. Inatupa kichwa cha greni 286, gramu 18.5, kwa mwendo wa kama mita 720. Imeua nyati na tembo wasiohesabika. Kipenyo chake ni milimita 9.3, cha .375 ni 9.5. Kwa tofauti ya milimita 0.2, unene wa karatasi mbili za daftari, risasi iliyouzwa kwa ajili ya ardhi hii hairuhusiwi kumpiga nyati kwenye ardhi hii. Ni kweli .375 ina nguvu zaidi, na mstari lazima uchorwe mahali fulani. Lakini kipenyo peke yake hakijui kichwa kina uzito gani wala kinakwenda kwa kasi gani. Zimbabwe huhesabu nishati pia, na naona hiyo ni njia ya haki zaidi.

Kuhusu kichwa, kisa kimoja kinatosha. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda moose, aina ya kulungu wakubwa wa Kanada, akitumia .300 H&H, mtoto wa ganda hilihili la .375, lililobanwa shingo. Nguvu zilikuwepo za kutosha. Vichwa vilichanua na kusambaratika juu ya ngozi iliyogandamana tope, mnyama akabaki amesimama. Nosler akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta katikati, sehemu ya mbele ichanue na ya nyuma iendelee kuchimba, na akaanza kukiuza 1948. Tangu hapo vimekuja vilivyogandishwa madini ya risasi ya ndani na koti lake la nje visiachane, na vya shaba tupu. Hivi ndivyo vilivyoirefushia .375 maisha. Ila vimewarefushia na jirani zake wote, hata 9.3, na ndiyo maana anayeisifu .375 kwa nyati aliyeanguka juzi huenda anamsifu dereva kwa ubora wa barabara.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba wawindaji wote ni wageni wa kitalii. Mtumishi wa Dodoma mwenye leseni ya mwenyeji, anayetafuta swala pala au ngiri wa kitoweo, yuko wapi kwenye ubishi huu? Kwa kifupi, hayumo. .30-06 inamtosha na kubaki. Kuna jambo moja la kushangaza wanalolisema wachinjaji, kwamba kichwa kizito kinachokwenda polepole huharibu nyama kidogo kuliko chepesi chenye kasi kali, kwa hiyo .375 si mbaya kwa bega la swala kama unavyodhani. Lakini risasi zake ni ghali, na ughali huzaa ubaya mwingine: mwenye bunduki hafanyi mazoezi. Anapiga tatu kwa mwaka kuhakikisha darubini haijasogea, halafu anaingia porini na begani ana kumbukumbu ya teke tu. Huyo ningemshauri auze.

Kwa anayeomba nyati mmoja maishani, ningemwambia achukue .375, ya mkanda au isiyo na mkanda, na fedha atakayookoa kwa kuacha mtutu mnene ainunulie risasi za mazoezi. Kwa anayemwongoza, .375 haitoshi, hata akiapa.

Niliporudi Manyoni mara ya mwisho nilikuwa na ganda tupu la .375 Ruger nililopewa na rafiki anayefanya kazi kambini. Mzee alilishika, akalizungusha, akapitisha kidole gumba kitakoni.

"Mkanda wake uko wapi?"

"Hauhitaji, Babu."

Akachomoa kizibo cha mpingo kutoka kwenye lake, akakijaribu kwenye hili jipya. Kikaingia sawasawa, maana mdomo ni uleule. Akalitikisa, akaligonga gotini mara mbili, akasikiliza. Kisha akakichomoa, akakirudisha kwenye lile la zamani, na la Ruger akanipa.