Sukari inapanda, hata miye napanda

Muuguzi alinitoboa kidole, akaangalia kamashine kake, akatikisa kichwa.

"Papa, sukari yako inapanda."

Nikamwambia, "Hata miye napanda, mama. Kila jioni, toka Nyawera mpaka Kadutu juu, na furushi la vitambaa begani. Sukari yenyewe inapanda mikono mitupu."

Hakucheka. Akaandika 118 kwenye karatasi, halafu karatasi akampa mke wangu, si miye mwenye kidole. Tangu siku hiyo serikali ya nyumba yetu ilibadilika.

Kopo la sukari lilihamia kabatini, ufunguo ukahamia kwenye fundo la kitenge cha Mama Furaha. Vijiko vyangu vinne vya chai vikawa kimoja, na hicho kimoja anakipangusa juu kwa kidole kisije kikawa na kilima. Vilima vyote vya Bukavu vimebaki kwa ajili ya miguu yangu, kwa sababu hata pesa ya motari, yule wa pikipiki ya abiria, ilikatwa siku ileile. Eti kutembea kunashusha sukari. Huu ni mji ambao ukiangusha chungwa Kadutu utaliokotea ziwani, halafu mtu anakuambia utembee kwa afya!

Binti yangu Furaha yuko wa tano sekondari, upande wa biokimia. Kusomesha mtoto ni kujinunulia hakimu. Jumamosi alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, miye nimekaa na kikombe changu cha huzuni, akaniuliza:

"Papa, unajua damu yako yote ina sukari kiasi gani?"

"Gunia, kwa jinsi ninavyoteswa."

"Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Kila lita, asubuhi kabla hajala, ina sukari kama gramu 1."

Miye ni fundi cherehani, hesabu nafanya kwa chaki. Nikapiga pale pale kwenye mguu wa suruali ya mteja: gramu 5. Kijiko kimoja cha chai! Mwili mzima, kuanzia kisigino hadi kipara, unaendeshwa na kijiko kimoja kinachozunguka. Yangu ile 118, maana yake miligramu 118 katika kila desilita, inafika gramu 5.9. Yaani nimenyang'anywa kopo, kijiko na motari kwa kosa la gramu moja kasoro! Wizi wa kuku una adhabu ndogo kuliko hiyo.

"Hiyo gramu ndiyo inaonyesha insulini imeanza kuchoka," akasema, na mchi haukusimama. "Insulini ndiyo inafungulia sukari mlango itoke kwenye damu. Nyingine inaenda kwenye ini, ini linaweka akiba kama gramu 100. Ukilala na njaa, ini linafungua depo, linarudisha kwenye damu, wote wanakula."

Nikasema huyo ini ni mtu mwema. Na misuli?

"Misuli inaweka akiba kubwa zaidi, hata gramu 400. Lakini ikiingia humo haitoki. Msuli hauwezi kurudisha glukosi, ndiyo hiyo sukari ya damu, kwenye damu. Unaitumia wenyewe."

Nikanyamaza. Shemeji yangu mmoja alikuja kwetu kwa wiki mbili, sasa ni mwaka wa tatu. Sitasema zaidi. Nimetembea na misuli miaka 52 bila kujua kwamba miguuni nimebeba mashemeji.

Na ubongo? Kilo moja na kitu, unakaa tu kwenye fuvu, haupandi mlima, haushoni, lakini katika kila nguvu 5 za mwili unachukua 1. Wakubwa wa namna hiyo tunawafahamu.

Furaha akainua jani moja la muhogo, akanionyesha mishipa yake kwa jua. Jani ndilo kiwanda, akasema. Linachukua mwanga, maji na ile hewa tunayoipumua nje, linatengeneza sukari. Sukari inapakiwa kwenye vijia vinavyoitwa floemu. Ikishajaa mle, inavuta maji, maji yanaleta msukumo, na msukumo unaipeleka chini mpaka kwenye mizizi. Huko inapakuliwa, inageuzwa wanga, muhogo unanenepa.

"Hakuna barieri njiani, ya kusimamisha na kutoza pesa?"

"Hakuna, Papa."

"Hakuna mtu na kamba na karatasi ya kodi?"

"Hakuna."

Kilo moja ya sukari ikitoka Uvira kuja hapa, ikifika imeshawasalimia watu wangapi? Muhogo unasafirisha wake bila risiti. Polepole, kweli: mita moja kwa saa hivi, wakati mwingine nusu. Nilifurahi. Kumbe kuna kitu Bukavu ninachokipita kwenye mlima.

Halafu nikaangalia kinu. Majani yanatwangwa, ni kiwanda hicho. Kwenye sufuria kuna fufu, ugali wa muhogo, ni depo hiyo. Watu wa hapa tunakula kiwanda na depo kwenye sahani moja, halafu tunashangaa kwa nini mama wa shambani anagomba ukichuma majani mengi. Bila kiwanda, depo itajazwa na nani?

Lakini kilichoniuma ni vidukari. Vile vidudu vidogo vinavyojaa kwenye maharage. Vinachoma mdomo ndani ya floemu, sukari inajisukuma yenyewe mpaka inawazidi, wanainyea nje ikiwa bado tamu, sisimizi wanakuja kulamba. Mdudu ananya sukari! Miye baba mwenye nyumba naomba kijiko kwa barua.

Hapo ndipo nilipopata akili, au niseme ndipo ubongo ulipokula ile moja yake kwa tano. Nikamwuliza Furaha: wanga ni nini hasa? Akasema ni glukosi nyingi zilizoshikana mikono. Tumboni zinaachanishwa, zinaingia kwenye damu kama sukari nyingine yoyote. Nikasimama. Nikamwita Mama Furaha kwa sauti ya wakili. Nikamweleza kwamba fufu anayonipakulia, ule mlima unaopakana na mawingu, yote ni sukari. Kwa hiyo kuninyima vijiko vitatu ni kazi bure, anirudishie kopo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijatokea tangu harusi. Akamgeukia Furaha.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

Akanishukuru. Jioni sombe ilikuja bakuli zima, na kando yake fufu ya kimo cha ngumi ya mtoto, imepanguswa juu kwa kidole.